Babu mmoja, mafaili mawili

Swali: Nina faili la nasaba yetu kwenye Gramps, programu ya kompyuta ya kutunza nasaba, watu 412. Mtoto wa ami yangu aliyeko Maskati ana lake, watu 1,130, analitunza kwa programu nyingine. Miaka minane iliyopita lilikuwa faili moja. Kila mmoja alichukua nakala akaendelea kivyake. Juzi kanitumia la kwake kama GEDCOM, muundo wa kupeana nasaba kati ya programu, nikaliingiza kwenye langu. Sasa babu yetu yuko mara mbili, bibi mara tatu, na watoto wao wametapakaa. Nitayalinganisha na kuyaunganisha vipi bila kuharibu zaidi? (Msomaji, Tanga)

Jibu: Dada yangu, shusha pumzi kwanza. Hakuna kilichopotea. Watu wako 412 wamo humohumo. Wa mtoto wa ami yako wamemwagwa juu yao, kama mchele wa gunia moja juu ya wa gunia jingine. Ila nakuomba usianze kuchambua kwa kufuta. Mafaili niliyoletewa yakiwa yameharibika kweli hayakuharibiwa na kuingiza. Yaliharibiwa na mwenyewe usiku uleule, alipoanza kufuta "waliozidi" mmoja mmoja, na kila aliyefutwa akaondoka na uhusiano wake na mama, mume na watoto.

Kilichotokea ni hiki. GEDCOM ni faili la maandishi matupu, mistari mifupi mifupi, muundo uliobuniwa na Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho mwaka 1984 ili programu za nasaba zipeane taarifa. Ukilifungua kwa Notepad utaona kila mtu ana namba yake, mathalani @I25@, na kila familia yake, mathalani @F9@. Namba hizo ni kama namba za viti vya basi: nje ya basi hilo hazina maana. @I25@ wa kwako anaweza kuwa babu, wa kwake akawa bwana fulani aliyeoa kwenu. Programu inalijua hilo, kwa hiyo ikiingiza faili geni haijaribu kuamua nani ni nani. Inawapokea wote kama wageni, na namba zikigongana mgeni anapewa nyingine. Kuamua ni kazi yako.

Tena Gramps ilikuonya. Kabla ya kuingiza huleta dirisha la kusema kwamba historia ya kutendua itafutika. Sote tunalipita dirisha lile mbio mbio, na ndiyo maana Ctrl+Z haina msaada hapa. Tafuta nakala ya akiba ya kabla ya siku hiyo, lile faili linaloishia na .gramps, fungua mti mpya mtupu (mti ndilo jina la Gramps kwa faili la nasaba), uirudishe humo. Kama huna nakala, kazi nitakayoeleza inafanyika vilevile ndani ya faili lililochanganyika. Itakuchukua muda zaidi tu kujua nani alitoka wapi.

Kabla hujagusa kitu, elewa jambo moja. Mtu kuonekana mara mbili ni uchafu, na uchafu unaonekana, unasubiri hadi utakapopata nafasi. Watu wawili tofauti kufanywa mmoja ni ajali, na haiachi kovu la kukuonyesha ilipotokea. Tarehe za huyu, watoto wa yule, kaburi la mwingine, vyote vinakaa chini ya jina moja kwa utulivu. Ukishaifunga programu, kutendua kumekwisha. Kuwatenganisha tena ni kukaa na kila tukio na kila mtoto ukiuliza ni wa nani. Kwa hiyo penye shaka, waache wawe wawili. Hata kwa miaka.

Nasema kwa uchungu. Niliwahi kumuunganisha babu na mjukuu wake. Unajua desturi yetu: Said bin Salim anamzaa Salim, na Salim akipata mtoto wa kiume anamwita Said, jina la baba yake. Mjukuu naye ni Said bin Salim, herufi kwa herufi. Gramps hukataa kuunganisha mzazi na mwanawe, na hukataa mume na mkewe. Babu na mjukuu inawaachia. Nilipochora mti, mzee alikuwa babu yake mwenyewe.

Sasa kulinganisha. Usiyaweke mafaili mawili ya GEDCOM kwenye programu ya kulinganisha maandishi mstari kwa mstari. Namba zimebadilika, mpangilio umebadilika, utaonyeshwa kwamba kila kitu ni tofauti. Ukiwa na Windows, programu ya nasaba iitwayo Family Historian ina sehemu ya kulinganisha mafaili mawili na kuamua jozi kwa jozi kabla ya kuunganisha, na ni nzuri. Gramps nayo ina kiongezo cha kulinganisha mti ulio wazi na faili jingine la Gramps. Kitakufaa siku ndugu yako akihamia Gramps na mkaanzia tena faili moja. Kwa leo ningekuambia utumie kitu kisicho na fahari: jedwali la Excel.

Fungua mti wa pili kwenye Gramps, uingize faili lake peke yake humo. Usilichanganye bado. Halafu toa orodha ya watu wa kila mti kama CSV, faili la maandishi linalofunguka kwa Excel, na uziweke pamoja kwenye jedwali moja, safu hizi tu: jina, baba, mama, mume au mke, mwaka wa kuzaliwa, na safu ya kusema faili gani. Usipange kwa jina la mtu. Panga kwa jina la mama, kisha la baba. Majina ya watoto wetu wa kiume yanazunguka katika duara la majina kumi; Salim wanne wa ukoo mmoja ni jambo la kawaida. Lakini Salim wanne wenye mama aitwaye Mwanaisha binti Kombo huwapati. Ukipanga kwa mama, jozi za kweli zinajipanga zenyewe zikigusana, na utaona pia ndugu yako ameongeza nani ambaye wewe huna.

Katika hatua hiyohiyo lifungue faili lake kwa Notepad uangalie vitu vitatu.

Cha kwanza ni mstari wa CHAR karibu na mwanzo, unaotaja herufi zimehifadhiwa kwa mfumo gani. Ukisema UTF-8, salama. Ukisema ANSEL au ANSI, na yeye kaandika baadhi ya majina kwa herufi za Kiarabu, mwambie alitoe upya kwa UTF-8, la sivyo utapokea msururu wa alama za kuuliza na hutajua alikuwa nani.

Cha pili, tafuta neno _UID. Baadhi ya programu humpa kila mtu kitambulisho kirefu kisichobadilika hata faili likisafiri. Ikiwa faili lenu la zamani lilikuwa nacho, na nakala zote mbili zimekihifadhi, basi wale mliokuwa nao pamoja miaka minane iliyopita unawajua kwa yakini, bila kubahatisha. Programu ya Legacy Family Tree ina njia yake ya kuunganisha inayotegemea vitambulisho vya namna hiyo. Usipokiona, hamna neno, utarudi kwenye jedwali.

Cha tatu ni tarehe, na hapa ndipo ndugu wa Oman na ndugu wa Tanga wanapopishana hasa. GEDCOM 5.5.1, toleo linalotumika kuliko yote, linatambua kalenda ya Gregori, ya Julius, ya Kiyahudi na ya Mapinduzi ya Ufaransa. Ya Hijria haimo. Kwa hiyo aliyesoma mwaka kwenye kitabu cha marehemu ami yake akaandika 1344, programu inauchukua kama mwaka wa miladi. Mtu huyo sasa alizaliwa miaka 13 baada ya msafiri Ibn Battuta kupita Kilwa. Kwa kweli alizaliwa kati ya Julai 1925 na Julai 1926, na wewe huenda umemwandika 1925, mtu yuleyule. Programu haitawakutanisha kamwe. Ndani ya mti wake wa majaribio endesha zana ya kuhakiki taarifa. Itakulalamikia kuhusu watu walioishi miaka 600, na hao ndio wa Hijria. Gramps, tofauti na GEDCOM, inayo kalenda ya Kiislamu: fungua tarehe, badilisha aina ya kalenda, na itapangwa mahali pake. Usizidishe wala kutoa kichwani. Mwaka wa Hijria una siku takriban 354, hivyo tofauti na miladi haikai ileile. Mtu wa 1300 na mtu wa 1400 huwezi kuwaongezea idadi moja.

Kuhusu tarehe za "mwaka wa njaa" au "kabla ya Mapinduzi", ziache kwa maneno hayohayo katika maelezo ya tukio na uweke "kabla ya 1964" kwenye tarehe. Usiandike mwaka kamili ambao hakuna aliyekwambia.

Halafu majina. Ndugu yako yupo mahali ambapo mtu huandikwa kwa kabila lake, kwa hiyo kwake babu ni wa Al-Harthy au Al-Mauly au vyovyote mlivyo. Wewe Tanga umeandika jina la tatu, la babu, kama jina la ukoo, kama shule zetu na vitambulisho vyetu vinavyotaka. Programu hushika jina la mwisho kuliko yote, na hapo majina ya mwisho hayafanani hata kidogo. Amueni njia moja. Ushauri wangu ni jina la baba liandikwe kama jina la mwisho na kuwekewa alama kwamba linatokana na baba, jambo ambalo Gramps inaliruhusu, na nisba ya kabila iwekwe kama jina la pili la mtu huyo. Kwa vyovyote msichanganye.

Ukishasahihisha hayo ndani ya mti wake, ndipo uuingize kwenye nakala ya mti wako. Nakala, si wenyewe. Kwenye mapendeleo ya Gramps washa lebo ya kuingiza, uandike kitu kama "Maskati" na tarehe. Kila anayeingia atavaa lebo hiyo na utamtambua kwa rangi kwenye orodha. Ungefanya hivi mara ya kwanza tusingekuwa hapa, lakini hakuna anayefanya hivi mara ya kwanza.

Sasa endesha zana ya kutafuta watu wanaoelekea kujirudia. Anza na kiwango cha juu cha kufanana, umalize hao, ndipo ushuke. Ukianza na cha chini utaletewa mamia ya jozi na uchovu utaanza kukufanyia maamuzi. Kuna pia kisanduku cha kutumia Soundex, na kinahitaji maelezo kidogo kwa sababu kwetu kinasaidia nusu tu. Soundex ilibuniwa Marekani mwanzoni mwa karne iliyopita kwa majina yanayoandikwa tofauti na kutamkwa sawa: inabakiza herufi ya kwanza, inadondosha irabu, na konsonanti zilizobaki inazipa tarakimu. Fatma, Fatuma na Fatima wote wanakuwa F350. Mohamed na Muhammad wote M530. Abdalla na Abdullah wote A134. Vizuri mno. Lakini kwa kuwa herufi ya kwanza haiguswi, Hamisi ni H520 na Khamis ni K520. Athumani ni A355 na Othman ni O355. Omari na Umar wanaachana mlangoni. Hao programu haitakuletea. Watafute kwa macho kwenye jedwali lako, na ndiyo sababu nyingine ya kulipanga kwa mama.

Ukitaka kuona jinsi jina peke yake linavyodanganya pande zote mbili, chukua nasaba inayojulikana, ya masultani wa Zanzibar. Wapo Khalifa wawili: Khalifa bin Said, 1888 hadi 1890, na Khalifa bin Harub, 1911 hadi 1960, ambaye babu yake Thuwaini alikuwa ndugu wa yule wa kwanza. Wapo Ali wawili: Ali bin Said na Ali bin Hamoud, hata miaka kumi haipiti kati ya tawala zao. Faili lililoandika "Khalifa Al Busaidi" bila jina la baba litamshawishi yeyote kuwaunganisha. Kisha mtazame dada wa Khalifa bin Said na Ali bin Said, binti Said. Katika faili moja ni Salme, aliyezaliwa Mtoni mwaka 1844. Katika jingine, tuseme la kizazi chake cha Ujerumani, ni Emily Ruete, aliyefariki Jena mwaka 1924. Jina halikufanana, dini haikufanana, nchi haikufanana, na ni mtu mmoja. Kwenu huenda hamna binti mfalme, lakini naamini mnaye bibi aliyejulikana kwa jina la utani Pangani na kwa jina la cheti Maskati.

Kuunganisha kwenyewe ni rahisi: chagua wawili kwenye orodha huku umeshika Ctrl, kisha kwenye menyu ya kuhariri chagua kulinganisha na kuunganisha. Watakuja ubavu kwa ubavu. Unayemteua kuwa wa kwanza ndiye jina lake litakalobaki mbele; jina la mwingine linahifadhiwa kama jina mbadala, na matukio ya wote wawili yanabaki. Usiogope kuona kuzaliwa mara mbili, 1925 na "karibu 1927". Kila kimoja kina chanzo chake. Kiache kile chenye cheti au kitabu kiwe cha kwanza, kingine kikae hapo hapo. Mambo ambayo nyinyi wawili mmeyasikia tofauti kutoka kwa wazee wawili ni taarifa pia.

Anza na wazazi walio juu kabisa, mume kisha mke, ndipo ushuke kwa watoto wao. Wazazi wakishakuwa mmoja mmoja, watoto wa pande mbili wanajikuta chini ya paa moja na jozi zinaonekana. Ukianzia kwa watoto, kila mtoto anabaki na wazazi seti mbili na skrini inakuwa msitu.

Lakini simama penye wake wengi. Ninavyojua mafaili ya ukoo wa pwani, hapa ndipo yanapoharibika. GEDCOM haina "nyumba ya mzee". Ina familia, na kila familia ni baba na mama wamoja. Mzee mwenye wake watatu ana rekodi tatu za familia. Mwandishi mvivu, au asiyejua, humweka mzee kwenye familia moja isiyo na mama na kuwamwaga humo watoto wote tisa. Ukija na faili lako lenye familia mbili, moja watoto wanne na nyingine watano, utashawishika kuiunganisha ile isiyo na mama na ya mke mkubwa. Usifanye. Papo hapo watoto tisa wanakuwa wa mke mkubwa, na watu waliokuwa ndugu wa baba mmoja wamekuwa ndugu wa tumbo moja. Majid na Barghash walikuwa wana wa baba mmoja na mama mbalimbali, na anayesoma historia ya Zanzibar bila kulijua hilo hataelewa nusu yake. Kwenye mirathi yenu hali ni ileile, tena kwa mali iliyopo.

Njia sahihi ni kumuunganisha mtoto mmoja mmoja. Kila mmoja akishaungana na mwenzake wa faili lako, atakuwa na familia mbili za wazazi: yenye mama na isiyo na mama. Mwondoe katika isiyo na mama. Ukimaliza wote, familia ile inabaki na baba peke yake, nayo unaweza kuifuta. Hiyo ndiyo futa ya kwanza ninayokuruhusu katika barua hii.

Jambo jingine linalowatia watu wasiwasi bure: babu kuonekana mara mbili kwenye mchoro si lazima awe na rekodi mbili. Ikiwa wazazi wako ni watoto wa mtu na nduguye, kama ilivyo kwa wengi wetu, baba wa baba yao ni mmoja na mchoro wa mababu utamchora kwa baba na kwa mama. Mbofye kote kuwili. Namba ikiwa moja, ni mtu mmoja na hapana cha kuunganisha. Bibi yako wa mara tatu huenda ni wa namna hii angalau mara moja.

Picha hazikuja, nadhani umeona. GEDCOM ya 5.5.1 inabeba njia ya kuelekea kwenye picha, folda na jina la faili, haibebi picha yenyewe. Mwambie akutumie folda nzima kando. Toleo la 7, la mwaka 2021, lina namna ya kufunga picha pamoja na maandishi, lakini programu yake na yako zote lazima zilielewe.

Kila baada ya jozi thelathini hivi, toa nakala ya akiba yenye tarehe na saa kwenye jina. Usipange kumaliza kwa siku moja. Jozi zenye shaka zipe lebo yao, "uliza", uzichapishe kwenye karatasi na uzipeleke kwa bibi au shangazi mwenye kumbukumbu, ukimuuliza kuhusu mama wa mtu na si mwaka wake. "Huyu Athumani mama yake nani?" linajibiwa papo kwa papo na mtu ambaye swali la mwaka lingemkera.

La mwisho ni la kukubaliana kwa simu kabla hujaanza kazi yote hii: nani ataishika hiyo nasaba moja. Ukimaliza, mtumie faili zima lililounganishwa, na lake la zamani alibadilishe jina liwe "la zamani, usitumie" na asiongeze humo hata mtoto aliyezaliwa jana. Kuanzia hapo awe anakuletea nyongeza tu, kwa ujumbe wa WhatsApp ikibidi, wewe uziandike. Akiendelea na lake kwa siri kwa sababu amelizoea, utaniandikia tena.